Kigugumizi: Kwa Nini Kukificha Hukizidisha

Ndugu msomaji, fanya kwanza jaribio lisilohitaji maabara. Weka ncha ya ulimi juu ya ufizi, nyuma ya meno ya mbele, kama mtu anayetaka kulitamka jina la mji wa Dumila. Ukaze ulimi hapo kwa nguvu zako zote, wala usiulegeze, kisha ujaribu kulitamka jina hilo. Hewa itapanda kutoka mapafuni, itafika kinywani na kukwama. Shingo itakakamaa, pengine na macho yatafumba. Kadiri unavyosukuma ndivyo mlango unavyozidi kufungika, na sauti haitatoka mpaka ulimi ulegee.

Jambo hilo ulilolifanya kwa kusudi humpata mwenye kigugumizi bila hiari yake. Mimi ni mmoja wao. Nilikulia Dumila, pale barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Nilipokuwa nikisoma sekondari mjini Morogoro, kila likizo nilipanda basi la kurudi nyumbani, na kila mara kondakta aliniuliza niendako. Herufi D ilikuwa ikinikatalia. Siku moja nikajibu “Magole”, kwa kuwa M ilinitii. Nikashuka Magole na sanduku langu kichwani, nikamalizia safari kwa miguu. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Nyumbani nilisema basi limeharibika.

Kigugumizi huonekana kwa namna tatu: kurudia silabi, kurefusha sauti, na kukwama kabisa. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hukipitia, na wengi wao hupona katika miaka michache; kwa watu wazima hubaki karibu mmoja katika 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hakiletwi na kutekenywa, wala kuiga, wala upungufu wa akili. Kumkata mtoto kimeo au udata hakukiondoi, maana ulimi wenyewe hauna kasoro: mtu yule yule huimba bila kukwama, na akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja husoma kwa ufasaha. Tofauti imo katika ubongo, katika njia zinazounganisha sehemu zinazopanga usemi na zile zinazoendesha misuli yake. Urithi nao unahusika. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Dennis Drayna akiwa miongoni mwao, walitangaza jeni tatu zinazohusiana na kigugumizi kwa baadhi ya watu, na mwaka 2015 jeni nyingine ilitambuliwa katika ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni.

Je, aibu nayo huletwa na jeni? Hapa kuna kisa ambacho kila mwalimu angepaswa kukijua. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa huko Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Mary Tudor, akisimamiwa na Wendell Johnson, alifanya utafiti kwa watoto yatima 22. Baadhi yao walikuwa wakisema vizuri kabisa, lakini waliambiwa kwamba wameanza kugugumiza na kwamba wajizuie. Hawakugeuka kuwa wenye kigugumizi halisi. Walichopata ni woga: wakapunguza maneno, wakasita kusema, wakaona haya. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001. Kumbe lawama haipandi kigugumizi, bali inapanda aibu, na hiyo hukua haraka.

Aibu ndiyo huzaa kujificha. Lugha yetu ina visawe vingi, na mwenye kigugumizi huvijua kama mshairi: “barua” ikikataa atasema “waraka”, “baba” ikigoma atasema “mzee”. Lakini jina lako halina kisawe. Shikamoo nayo haina. Mtoto akikutana na mzee njiani, akakwama kwenye “sh”, huhesabiwa kuwa hana adabu. Mimi nilijifunza vichochoro vyote vya Dumila ili nisikutane na wazee. Nao, kwa haki kabisa, wakaniona kijana mwenye kiburi.

Kwa nini kujificha kunazidisha tatizo? Kila neno linapokwepwa, moyo hupata nafuu papo hapo. Ubongo huichukua nafuu hiyo kuwa ushahidi kwamba hatari ilikuwapo kweli, na safari ijayo hofu huja mapema zaidi. Hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa, kama ulivyojaribu mwenyewe, hufunga mlango. Mwanasaikolojia Joseph Sheehan alikifananisha kigugumizi na mlima wa barafu baharini, ambao sehemu kubwa imezama. Sisi wa Kilosa hatuna barafu, ila tunaye kiboko wa bwawa la Mikumi: yanaonekana masikio na pua tu.

Nilipokuwa ng’ambo nikisomea shahada ya udaktari katika kemia ya udongo (mimi si tabibu wa usemi, msomaji anisamehe), nilifundishwa mbinu iliyoenezwa na Charles Van Riper, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi: kugugumiza kwa makusudi, polepole, bila kupambana, huku ukimtazama msikilizaji usoni. Niliporudi nilianzia sokoni Dumila, nikiuliza bei ya nyanya, neno ambalo kwa bahati limekwisha kujigugumiza lenyewe. Mama muuzaji alingoja, akanitajia bei. Nikasimama pale nikishangaa kwamba hakuna zaidi lililotokea.

Sikupona. Juma lililopita nilikwama kwenye “dolomiti” mbele ya ukumbi uliojaa. Lakini kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza, huwaambia wanafunzi: “Nina kigugumizi. Nitakwama hapa na pale. Ngojeni, neno litafika.” Tangu hapo sina cha kulinda, na nguvu niliyoitumia kukwepa naitumia kufundisha.

Kwako, ndugu mwalimu: usimmalizie neno, wala usimwambie “vuta pumzi”. Ngoja, huku ukimtazama kama unavyowatazama wengine. Usimruke zamu ya kusoma kwa huruma, maana huko nako ni kumficha. Mwulize faraghani angependa iweje, na kama yu tayari kuwaeleza wenzake. Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache kwetu, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 2008.

Zoezi kwa darasa. Kila mwanafunzi aandike maneno matano ambayo angeweza kuyabadilisha kwa mengine, na matano ambayo hawezi. Kisha, kwa siku moja nzima, asiyatamke yale matano ya kwanza. Jioni aandike ni mara ngapi alinyamaza alipokuwa na la kusema.