Bloku nane, pampu moja: kompyuta inavyochagua mpangilio wa umwagiliaji kama tunavyochagua mbegu

Wengi mnaofunga mfumo wa matone mnaniuliza kuhusu boksi moja la kuongoza valvu zote. Kulifunga ni rahisi, lakini likiungua nyanya zikiwa zinabeba, shamba zima linakosa maji. Nyanya ikimwagiliwa leo nyingi kesho hakuna, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, kitako kinaoza. Hapo soko hulipati na mkopo bado unakudai.

Njia nyingine ni kila bloku iwe na kidhibiti chake kidogo: kinasoma unyevu wa udongo wake, kinafungua valvu yake, hakisubiri amri. Kimoja kikifa, vingine vinaendelea. Tatizo ni pampu, maana ni moja. Saa nane mchana jua kali, bloku zote nane zinasikia kiu, zinafungua kwa pamoja, presha inashuka na mistari ya mwisho haipati kitu. Kwa hiyo kila kidhibiti kinahitaji tabia itakayomfaa na jirani, bila hata kuongea naye.

Tabia hiyo tunaiandika kwa namba. Tuseme tatu kwa kila bloku: udongo ukauke kiasi gani ndipo ufungue, umwagilie dakika ngapi, na presha ikiwa ndogo usubiri muda gani. Jumla namba 24. Kila namba ikiwa na machaguo 10 tu, michanganyiko yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 24. Hakuna kompyuta itakayoijaribu yote.

Hapa ndipo inaingia algoriti ya kijenetiki, ambayo John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliieleza kwenye kitabu chake cha 1975. Sisi wa kilimo haitushangazi, ni kuchagua mbegu tu. Kompyuta inatengeneza mipangilio 100 ya kubahatisha, inaijaribu kwenye shamba la kuigiza, inaipa alama. Yenye alama nzuri inapandishwa: namba nyingine kutoka kwa mzazi huyu, nyingine kwa yule, na mara mojamoja namba inabadilishwa kwa bahati nasibu ili ukoo usidumae. Vizazi 200 ni majaribio 20,000. NASA walipata umbo la antena ya satelaiti za ST5, zilizorushwa 2006, kwa njia ya aina hii. Ukiiona utadhani waya uliokunjwa hovyo, lakini ilifanya kazi.

Muda wa kusubiri ukifanana, bloku zitarudi kufungua pamoja na presha itashuka tena. Ndiyo maana mipangilio yenye muda tofauti hupata alama nzuri, na bloku zinajikuta zinapeana zamu bila msimamizi.

Sasa hapa msikilize vizuri: kazi yote iko kwenye alama. Ukitoa alama kwa kuokoa maji peke yake, mshindi atakuwa yule asiyemwagilia kabisa (kompyuta haina aibu). Ukijaribu siku nzuri tu, utapata kama ile mbegu inayong'ara kwenye shamba la majaribio na kulala ikifika kwako. Kila mpangilio upitishwe kwenye siku mbaya: sensa imekufa, pampu inatoa nusu, umeme umekatika asubuhi, valvu imekwama wazi. Na alama itoke kwenye siku mbaya kuliko zote, siyo wastani, maana wastani unaificha ile siku moja iliyokuua.

Mpangilio unaoshinda hivyo unaweza kula maji kidogo zaidi siku za kawaida. Kwa nyanya na hoho naona ni bei ya haki. Kwa majani ya mifugo nisingehangaika.

Hesabu hizi zinafanyika mara moja kwenye laptop, kisha namba 24 zinaingizwa kwenye vidhibiti. Fundi akikuletea, muulize shamba lake la kuigiza lilikuwa na udongo gani. Akijibu "wa kawaida tu", mpe vipimo vya kila bloku arudie, kwa sababu kichanga na mfinyanzi havinywi maji sawa.