Mtoto mtukutu ana haja yake, tumfundishe kuisema

Hapa Didia, kama ilivyo Shinyanga mjini na Geita, mtoto akipiga wenzake darasani jibu la wengi wetu ni fimbo. Akiwa ni mtoto asiyesema vizuri, hali huwa mbaya zaidi. Wapo wanaofungiwa ndani, ikasemwa wana mashetani.

Suala la kujiuliza ni hili: fujo ile inampatia nini?

Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti juu ya watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji. Waliona kuwa fujo zilizuka ama kazi ilipokuwa ngumu, ama mwalimu alipopunguza kuwaangalia. Aliyelemewa na kazi akafundishwa kusema kuwa haelewi, akasaidiwa. Aliyetaka kuangaliwa akafundishwa kuuliza kama anafanya vizuri, akasifiwa. Fujo zikapungua sana. Lakini walipofundishwa maneno yasiyohusu haja yao, hazikupungua. Hapo ndipo penye siri yenyewe.

Huku kwetu mtoto wengi humwona mtukutu kumbe nyumbani anasikia Kisukuma tupu, na shuleni anakutana na Kiswahili. Neno "sijaelewa" hana. Atalisema kwa ngumi.

Katika madrasa ninayofundisha alikuwapo mmoja, hasemi ila maneno machache, kila tukifika kwenye kuandika anatupa ubao. Kwa siku kadhaa niliandika kilichotangulia na kilichofuata. Kilichofuata kilikuwa kimoja: anatolewa nje, kazi imekwisha! Kumbe tulikuwa tunamlipa. Nikamfundisha kugonga mkeka mara mbili, maana yake "nisaidie". Mwanzoni nilimshika mkono nikagonga naye, na kila akigonga nilikwenda papo hapo. Ukichelewa, ubao utaruka, maana kutupa ni njia aliyoizoea. Kungoja alijifunza baadaye, kidogo kidogo.

Watasema unamdekeza. Mimi sioni hivyo. Anayeomba msaada bado anaandika, anayetolewa nje haandiki kitu.

Kwa asiyesema kabisa, ishara ya mkono au picha inatosha, mradi baba, mama, bibi na mwalimu wote waijue. Na kama fujo zimeanza ghafla, mpelekeni kwanza hospitali akaangaliwe masikio na meno.