Berlin: Kwanza Jina Kwenye Kisanduku

Habari za baridi na koti zito umeshaambiwa na kila aliyewahi kupanda ndege, sina la kuongeza. Langu ni hili: Berlin unaanza kuishi siku jina lako linapobandikwa kwenye kisanduku cha barua. Majengo mengi kule hayana namba za nyumba ndani. Ghorofa tano, ngazi ya mbele, ngazi ya uani, na tarishi anatafuta jina la ukoo tu. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Na barua ndiyo inayoleta kila kitu: kadi ya benki kwenye bahasha moja, namba yake ya siri kwenye bahasha nyingine, kadi ya bima ya afya, namba ya mlipakodi. Ukipangishwa chumba na mtu, omba siku hiyohiyo uweke jina lako chini ya lake, hata kama ni kwa kipande cha karatasi na selotepu.

Kisha ukajiandikishe makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, kwenye ofisi ya Bürgeramt. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Kwetu ungekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ukae kwenye benchi mpaka atoke msibani, akugongee muhuri. Berlin benchi halikusaidii. Bila miadi hupokelewi, na miadi utakayoiona mtandaoni huenda ikawa ya mwezi ujao. Ndiyo, ofisi ni ileile iliyokupa wiki mbili! Usinunue miadi kwa mtu. Fungua ukurasa wa jiji asubuhi mapema, rudia na kurudia, kwa kuwa nafasi walizoziacha wengine hurudi humo. Pokea ofisi yoyote, hata ya Spandau wakati wewe unakaa Neukölln, maana zote zinafanya kazi ileile. Na hifadhi uthibitisho wa siku ulipoomba.

Siku ya miadi beba pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa umehamia kwake. Mkataba wa pango hauchukui nafasi ya karatasi hiyo, nayo ndiyo inayowanenepesha matapeli. Wapo wanaouza anwani ambako hutaishi kamwe. Hilo ni kosa kisheria, kwako na kwao. Wapo pia wenye nyumba wa mtandaoni: picha zinang'aa, pango la chini, ila bwana mwenyewe yuko safarini, na funguo atazituma kwa posta ukishalipa amana. Nyumba hiyo haipo. Usilipe hata senti kabla hujasimama ndani ya chumba. Amana yenyewe kisheria haizidi pango la miezi mitatu bila gharama za huduma, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Uliza pia kama jiko limo. Nyumba nyingi hupangishwa tupu kabisa, bila hata sinki ya kuoshea vyombo.

Kwenye fomu kuna swali la dini, na watu wetu hulijibu kwa moyo mweupe. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, mwajiri ataanza kukukata kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Kama unataka kuchangia, ni sawa, andika. Ila ujue kwamba lile si swali la salamu. Baada ya hapo itakuja bahasha ya tozo ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo mnaokaa pamoja lipeni moja na mgawane.

Jumapili maduka hufungwa. Sisemi yanachelewa kufunguliwa, hufungwa. Aliyeishiwa mchele Jumapili atakwenda supamaketi ya stesheni kuu, akabanane na jiji zima, au kwenye kioski cha mtaani, wanakiita Späti, alipe zaidi. Chupa usitupe: ya plastiki au kopo la soda lina senti 25 zako, chupa ya bia senti 8. Mashine ya dukani inazimeza moja moja na kukutolea risiti, nayo unaipeleka kwa keshia. Keshia huyo ana mikono ya ajabu. Kabla hujatoa pochi, vitu vyako vimeshafika mwisho wa kaunta, na aliye nyuma yako anapumua kwa nguvu. Weka kila kitu kwenye kitoroli, kapange pembeni. Noti za euro kumi kumi zisikose mfukoni, kwani migahawa kadhaa haitaki kadi.

Dawa ya kichwa haiuzwi supamaketi wala kwenye maduka ya sabuni na shampuu, hata kama yanafanana na famasi. Tafuta famasi yenyewe, yenye herufi A kubwa nyekundu.

Treni hazina geti, na huo ndio mtego. Wakaguzi wengine huvaa kiraia, na tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri kwenye mashine ya jukwaani ni sawa na kutokuwa na tiketi: faini euro 60, na ugeni wako hawaujali. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026. Bado ni nafuu, lakini ni mkataba. Usipousitisha kabla ya tarehe 10, unalipa na mwezi unaofuata.

Sembe utaipata mtaa wa Wedding, kwenye maduka ya Waafrika ya kandokando ya Müllerstraße. Unga wa njano wa supamaketi uache. Ugali wake haushiki. Ukiwa huko, tembea hadi Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 barabara hiyo iliitwa Petersallee, jina lililowekwa awali kwa heshima ya mkoloni Mjerumani Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu.

Checkpoint Charlie iruke. Ni kibanda cha mpakani cha kuigiza katikati ya barabara na watu wa kuuza kofia. Saa hiyo ipeleke Invalidenstraße, kwenye makumbusho ya viumbe asilia, ukamwone dinosaria wa Tendaguru, Lindi, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wa Kusini ndio walioibeba vichwani hadi bandarini. Jumatatu hawafungui.