Kiapo cha Kuacha Pombe

Mara nyingi mtu aliyezidiwa na pombe huletwa kwa Padre na mkewe au nduguze, aape mbele ya Msalaba kwamba hatakunywa tena. Sisi nasi tumewaapisha wengi namna hiyo. Baada ya majuma machache wengine walirudi kilabuni, kisha wakaacha hata Misa kwa kuona haya. Yatupasa kukiri kwamba tumeanza kuwa na mashaka juu ya desturi hii.

Si kwamba ahadi ni bure. Lakini aapaye anarudi wapi? Hapa Bukoba na Muleba lubisi, pombe ya ndizi na mtama, ni heshima ya posa na ya arusi. Akataaye kibuyu cha mkwewe huonekana amemdharau. Enkonyagi, iliyo kali zaidi, nayo haiko mbali. Basi twamwapisha mmoja, na majirani wote hatuwaambii neno.

Tena iko hatari. Mtu anywaye sana kila siku, akiacha ghafla, aweza kutetemeka, kuanguka kama mwenye kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa, katika siku chache za kwanza. Tulipata kumwona mmoja akitetemeka, tukadhani ni vita vya roho tu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kwanza. Kiapo chaweza kungoja.

Matt Talbot, kibarua wa Dublin, aliapa mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, tena kwa miezi mitatu tu. Ilipokwisha akaongeza muda, akaendelea hivyo, asionje kileo hata kufa kwake mwaka 1925. Je, tungalimdai kiapo cha maisha siku ile ya kwanza?

Huko Akron, Marekani, mwaka 1935, Bill Wilson na Dokta Bob Smith, walevi wote wawili, walianza chama cha kusaidiana, Alcoholics Anonymous. Humo majina hufichwa. Kamachumu nani ataficha jina lake? Hata hivyo, aliyekwisha kuacha aweza kumtembelea jioni yule anayeanza, saa ile kilabu kinapoita.

Nanyi wenye arusi, mwekeeni huyo kibuyu cha maji ya ndizi yasiyochachuka, mkimpe pamoja na vya wengine, bila kutangaza.