Kuni za Leo Zilipasuliwa Mwaka Juzi

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zinazotoka kwenye nyumba za kupanga za Portland na Lewiston na kununua nyumba zao mashambani hukuta jiko la kuni sebuleni. Fundi wa majiko hayo anajibu maswali yao.

Muuzaji aliniapia kuni ni kavu. Mbona moto unafukuta na kioo cha jiko kimekuwa cheusi?

Muuzaji akisema kavu, mara nyingi ana maana mti ulikatwa mwaka jana. Lakini ulilala ukiwa gogo, na gome huzuia maji yasitoke. Anza kuhesabu siku shoka lilipopita. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Jiko linataka yasizidi asilimia 20. Kila kilo ya maji humeza zaidi ya megajuli 2 za joto ili igeuke mvuke, na joto hilo hupotelea kwenye dohani. Pasua kipande upya, kisha choma sindano za kipima unyevu katikati ya uso huo mpya. Usipime ncha, hizo hutangulia kukauka.

Basi nisubiri muda gani?

Msonobari uliopasuliwa mapema masika, kiangazi kimoja kinautosha. Mwaloni ni mkaidi: miaka 2, na vipande vinene miaka 3. Ndiyo maana wenyeji huwa na safu ya mwaka huu, ya mwakani na ya mwaka unaofuata. Nyumba inayotegemea kuni pekee inaweza kula kordi 4 hadi 6 kwa msimu, na kordi 1 ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, kwa hiyo pima uwanja kabla ya kuagiza. Pasua wakati wa baridi kali. Gogo lililoganda huachia upesi.

Nizipangeje? Jirani amefunika zake zote kwa turubai.

Jirani anazipika kwa mvuke wa kuni zenyewe! Funika juu tu, pande ziachwe wazi. Weka chini mapaleti ili kuni zisinyonye unyevu wa ardhi. Maji hutoka zaidi kupitia ncha zilizokatwa, hivyo ncha zielekee upepo, na safu iwe moja moja, mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya wadudu. Chumba cha chini ya nyumba hakifai kukaushia: kuni mbichi zitakujazia ukungu humo.

Shikamoo fundi. Sisi tumechelewa, baridi ni mwezi ujao na kuni ni mbichi.

Marahaba mama. Nunua matofali ya pumba za mbao zilizoshindiliwa, uyachome mwaka huu. Hizo mbichi zipange leo. Ukizilazimisha kuwaka, moshi uliopoa utaganda kwenye dohani kama lami, na lami hiyo ikishika moto inaweza kuteketeza nyumba. Mwite msafisha dohani kabla ya kuwasha, hata kama mwenye nyumba wa zamani amekuhakikishia ni safi.

Shemeji yuko jimbo jingine, ana kuni za bure. Nizifuate?

Hapana. Maine inakataza kuingiza kuni ambazo hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu. Mbawakawa wa kijani anayemaliza miti ya eshi husafiri ndani ya kuni hizo hizo za bure.