Kutia shati rangi kwa mafundo

Mwaka jana tuliharibu shati la mwenzetu, la pekee alilokuwa nalo kwa Siku ya Mungu. Tulilifunga vizuri, tukalitia rangi. Kulifua mara moja tu, rangi yote ikaenda na maji. Kumbe halikuwa la pamba!

SOTEXKI ilitengeneza vitambaa vya pamba hapa Kisangani. Lakini sisi tunanunua sokoni nguo zilizokwisha kuvaliwa, na macho hayatoshi kujua. Basi, mbele ya kufunga, chomoa uzi mmoja, uuchome. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, acha kabisa.

Loanisha shati, kamata katikati, zungusha, halafu kaza na rafia. Pale kamba inapobana, rangi haipiti. Kazi yote ni hapo. Tia rangi ya pakiti na chumvi ndani ya maji ya moto (si katika sufuria ya mama ya kupikia!). Chumvi inasaidia rangi kushika pamba. Suuza kwanza, ndipo ufungue.

Mwenzetu tulimtengenezea lingine, la buluu. Siku ya kulifua alisimama karibu na beseni, hakusema kitu, mpaka maji yakawa meupe.