Mpira wangu unaishia mferejini

Swali: Krismasi hii ukoo wetu utakutana kucheza bolingi. Kila nikirusha, mpira hukimbilia kushoto. Nifanyeje? Na watoto tuwashirikishe vipi?

Jibu: Kama unarusha kwa mkono wa kulia, mara nyingi kosa ni mkono kukatiza mbele ya kifua wakati wa kuachia mpira. Uache mkono uende kama bembea, nyuma na mbele kwa mstari mmoja, kiganja kimalizie kikielekea pini. Tena usizitazame pini. Ziko mita 18 mbele. Tazama mishale iliyochorwa sakafuni, mita 4 na nusu tu kutoka mstari wa kurushia. Chagua mpira mwepesi, maana mzito huvuta bega.

Watoto wapangeni wawili wawili na wakubwa: mtoto arushe kwanza, mkubwa aangushe pini zilizobaki. Naupenda sana mtindo huu, kwani bibi na mjukuu hushinda pamoja. Ombeni vizuizi vya mifereji viinuliwe zamu ya watoto. Mkichezea nyumbani, chupa 10 zenye maji kidogo zinatosha kuwa pini.

Waambieni wote wasikanyage mstari wa kurushia: ukiuvuka, pini ulizoangusha hazihesabiwi.